Kati ya Wangapi

Kwa miaka kumi na tisa nilikaa chumba kimoja na mtu aliyeamini kwamba ndoo ya maji ni hatari kuliko nyoka. Kibaya zaidi, alikuwa na ushahidi wa maandishi.

Ofisi yetu ni ya kuandikisha vizazi na vifo. Ni chumba kimoja chenye madirisha mawili yanayofungukia barazani, na barazani kuna benchi moja refu la mbao. Dirisha la kwanza ni langu, vizazi. Dirisha la pili lilikuwa lake, vifo. Benchi halikugawanywa. Mama mwenye kichanga cha siku kumi alikaa bega kwa bega na mjane wa siku tatu, na si mara moja nilimwona mjane akipakatishwa kichanga wakati mama mtu anapekua mkoba kutafuta karatasi ya hospitali. Mimi niliandika wanaoingia, yeye aliandika wanaotoka, na katikati yetu palikuwa na kabati la chuma na birika la chai.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kibao cha mlangoni, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Ofisi nzima ilimwita Mzee Tahadhari. Aliyembandika jina hilo ni dereva wa ofisi, siku ya mvua kubwa, baada ya mzee kukataa lifti yake.

"Nakushukuru," alimwambia dereva, "lakini mvua kwenye daftari langu ina watu watatu. Gari lina mia nne na ushee."

Akaondoka kwa miguu, analowa chapachapa, ameshikilia ukingo wa ndani kabisa wa njia.

Daftari hilo lilikuwa lake binafsi. Kila kifo alikiandika kwanza kwenye kitabu kikubwa cha serikali, kama kazi ilivyotaka. Halafu, mteja akishaondoka, alifungua droo, akatoa daftari lenye jalada gumu, akatafuta ukurasa unaohusika na kuchora kistari kimoja. Kulikuwa na ukurasa wa barabara, wa mito, wa visima, wa umeme, wa ngazi, wa radi, wa machimbo ya mawe. Pikipiki zilikuwa na kurasa nne.

"Nyoka, sita," alinisomea siku moja wakati wa chai. "Radi, wanne. Machimbo, kumi na mmoja. Ndoo, bibie, ndoo ya kawaida ya maji ya kufulia, kumi na wanne. Wote watoto waliokuwa wanajifunza kusimama."

"Na kitandani?"

Akafunua kurasa za nyuma. "Elfu mbili mia nane."

"Basi tusilale."

"Nimelifikiria hilo," akasema, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe. Chai ilinipalia. Alinigonga mgongoni mara tatu kwa utaratibu mzuri, kisha akanijulisha kwamba waliopaliwa walikuwa tisa.

Msinielewe vibaya. Kazi aliijua. Karatasi ya hospitali huwa na mistari kadhaa ya sababu, ya juu ikiwa kile kilichommalizia marehemu, ya chini kabisa ikiwa kile kilichoanzisha. Makarani wageni walikimbilia mstari wa juu. Yeye aliwarudisha chini. "Usiniambie moyo ulisimama," alikuwa anawaambia. "Moyo wa kila maiti umesimama. Niambie ilianzia wapi."

Na kulikuwa na suala la wino. Sijui nani aliweka utaratibu ule, sisi tuliukuta. Kifo ambacho saa yake inajulikana, yaani palikuwa na mtu, awe daktari au ndugu au hata mpita njia, kinaandikwa kwa wino mweusi. Kifo ambacho hakuna aliyekishuhudia kinaandikwa kwa wino mwekundu. Nafasi ya saa inapigwa mstari, na pembeni yake panaandikwa "alikutwa", pamoja na saa aliyokutwa. Wengine walikutwa baada ya saa moja. Wengine walikutwa baada ya siku tisa, na waliowakuta walikuwa wameongozwa na harufu. Siku za wino mwekundu Mzee Tahadhari hakunywa chai.

Siku moja kama hiyo alisema, mimi sijamuuliza kitu, "Kufa tutakufa, bibie. Hilo sina ugomvi nalo. Ila nisije nikaandikwa kwa wino mwekundu."

Nilimjibu ovyo, nikasema wewe na daftari lako mtatuzika sote. Nilikuwa na mdomo sana wakati huo. Bado ninao.

Nilikuja kuelewa kwa bahati tu. Mteja wangu alitaka cheti cha zamani, nikavuta kitabu cha mwaka ambao mimi sikuwa hapo, na nikavuta kisicho chenyewe. Kilipofunguka mikononi mwangu, macho yalitua kwenye mstari mwekundu. Mwanamke, miaka thelathini na sita. Mahali: jikoni kwake. Chanzo: kuanguka kutoka kwenye stuli akibadilisha balbu. Saa: mstari. Alikutwa saa kumi na moja na nusu jioni. Mtoa taarifa: mume. Karani aliyeandika: mume huyohuyo. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa herufi zilizosimama wima, haukutetemeka hata kidogo.

Siku hiyo alikuwa ofisini. Binti yao, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa shuleni, na baada ya shule akapitia kwa rafiki yake. Kama mama mtu alikufa saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, kama aliita au hakuita, hakuna ajuaye mpaka leo. Ukurasa wa kwanza wa lile daftari una tarehe ya wiki iliyofuata. Stuli yenyewe nimeiona, maana nyumba zetu zilikuwa mtaa mmoja. Inanifika magotini.

Sasa binti huyo akakua, akasomea umeme, na siku moja akaja ofisini na kofia ngumu ya njano kichwani, bado ina karatasi ya bei.

"Baba, wamenichukua!"

"Wamekuchukua wapi, mama?" Alimwita mama siku zote, kwa kuwa binti alirithi jina la bibi yake.

"Minara ya simu. Naanza Jumatatu. Nitakuwa napanda."

Mzee akaiweka kalamu mezani. "Unapanda kimo gani?"

"Inategemea na mnara. Arobaini. Sitini."

"Mita?"

"Mita, baba."

"Mama yako alikufa kwa kimo cha stuli," akasema. Watu wote benchini wakageukia dirisha la pili. "Stuli! Na wewe unakuja kuniambia mita sitini huku unacheka?"

Alifungua droo akatoa daftari. Mikono iliyomwandika mke bila kutetemeka sasa ilikuwa inararua kona za karatasi. "Minara. Hii hapa. Saba. Nimewaandika mimi, kwenye dirisha hili, wake zao wamesimama hapo ulipo."

Binti aliutazama ukurasa. Ametulia yule mtoto, hilo alilitoa kwa baba. "Saba kati ya wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Waliopanda, baba. Waliopanda wakashuka salama. Wako ukurasa gani? Hao hawaji kwenye dirisha lako. Wanaenda nyumbani kula."

Mzee akaugeuza ukurasa, akaurudisha. Miaka yote hiyo alihesabu waliokufa kwa kila jambo, na hakuwahi kuhesabu waliolifanya jambo hilohilo wakarudi makwao, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kupanga foleni mbele yake. Mimi wa dirisha la kwanza ningeweza kusema neno. Vitabu vyangu vilikuwa vinene mara nne kuliko vyake. Nilijifanya napanga karatasi, na hilo linanikera mpaka leo.

"Ukianguka, nitakuandika mimi," alisema mwishowe. "Kwa mkono huu. Siwezi. Kama unaenda, nenda, ila usinijulishe habari zako za huko."

"Nitakujulisha kila siku nikishuka," binti akasema. Akavua kofia, akaipakata, akaondoka.

Hawakuonana tena miaka mitano.

Mtu akikwambia miaka mitano unaona ni maneno. Mimi niliiona nikiwa nyumba ya tatu kutoka kwake. Niliona taa ya dari ya sebuleni ikiungua na kubaki hivyo, kwa kuwa kuibadilisha kungemlazimu kupanda juu ya kitu. Alisomea taa ya mezani. Bafuni alitandika mpira ili asiteleze, na ukutani akapigilia kamba ya kushikilia. Mkate aliukata vipande vidogo na kuutafuna mpaka ukasahau kwamba ni mkate. Harusi hakwenda, kwa sababu ya barabara. Ndugu zake wa mbali walimwalika, kisha wakapunguza, kisha wakaacha. Jirani mmoja alikuja na mtoto wake kusalimia, akarudi na somo refu kuhusu ndoo. Kila hatari aliyoifungia mlango ilikuwa na watu ndani yake, na mwisho alibaki yeye, kiti na ile taa. Jioni nilikuwa nikipita naona kivuli chake kimekaa wima, hakifanyi lolote. Sikuingia. Nilijiambia ana kiburi. Ukweli ni kwamba nyumbani kwangu hakukuwa na tofauti kubwa, isipokuwa mimi nilikuwa na redio, na sikutaka kukaa na mtu akanionyesha nilivyo.

Kitu kimoja kilinitatiza. Ofisi ilifungwa saa tisa na nusu, na yeye hakuondoka. Alikaa na simu yake juu ya meza, ameikodolea macho. Kama saa kumi na nusu, wakati mwingine saa kumi na moja, simu ilitoa mlio mmoja. Aliisoma, akafungua daftari, akachora kistari, akafunga droo, akaenda nyumbani. Nilidhani kuna mtu anamtumia habari za vifo. Siku nilipochoka kudhani nilizunguka kabati nikachungulia.

Kwenye simu palikuwa na neno moja: Nimeshuka. Juu yake, la jana: Nimeshuka. Na la juzi, na la kabla yake, unapandisha na kidole hakuna mwisho. Upande wake yeye, wa kujibu, hapakuwa na kitu.

"Mzee, hujawahi kumjibu mtoto?"

"Hajaniuliza swali."

"Na hivyo vistari?"

Akaona aibu kama mvulana aliyekutwa na barua ya mapenzi. "Aliuliza kati ya wangapi," akasema. "Nimeona nihesabu."

Ilibaki miezi mitatu astaafu ilipofika siku ile. Saa kumi na moja, kimya. Kumi na moja na nusu, kimya. Mimi nilikuwa nimebaki kumalizia vyeti, nikamwona anasimama, anakaa, anasimama.

"Mtandao umekata, mzee," nikamwambia. "Hata mimi sina. Mji mzima hauna tangu saa tisa."

Nilidhani nimemtuliza. Akageuka rangi. "Mtandao unatoka kwenye mnara," alisema polepole. "Kama mtandao umekatika, mnara umepatwa na kitu. Na mwanangu yuko juu yake."

Mnara mkubwa uko kilimani nje ya mji, ukisimama barazani kwetu unauona. Ulikuwa umesimama palepale. Nikamwonyesha. Hakuuona, au aliuona haukumsaidia. Tayari alikuwa ameshuka ngazi za baraza, ameshika ukuta kwa mkono mmoja kama kawaida yake, halafu akafanya jambo ambalo kama ningesimuliwa nisingeamini. Alisimama katikati ya barabara akainua mkono kuita bodaboda.

"Umeendesha miaka mingapi, mwanangu?" akamuuliza kijana wa watu.

"Sita, mzee."

"Umeanguka mara ngapi?"

"Mzee, unapanda au unanifanyia usaili?"

"Anapanda," nikasema mimi, na nikasimamisha ya pili. Alivaa kofia ya abiria akaikaza kamba mpaka mashavu yakapanda kwenye macho. Njia nzima nilikuwa nyuma yao, namwona amemkumbatia dereva kiuno kwa mikono yote miwili, kichwa kimelala mgongoni mwa kijana asiyemjua. Nilipata kicheko, halafu kicheko kikageuka kitu kingine, nikajifuta macho nikasingizia vumbi.

Chini ya mnara palikuwa na gari la mafundi na mwanamume mmoja mnene aliyeinua uso juu, redio ya mawasiliano mkononi. Hakutugeukia.

"Hapa haparuhusiwi, wazazi."

"Binti yangu," Mzee Tahadhari akasema. Pumzi ilikuwa haijamrudia. "Yuko wapi?"

"Fundi? Yuko juu, kuna waya umeungua." Ndipo akageuka, akamtazama mzee kutoka kofia mpaka viatu. "Ngoja kwanza. Wewe ndiye baba wa Nimeshuka? Mzee, unajua kila siku hatuwashi gari mpaka huyo mtu atume hilo neno lako!"

Tukainua macho. Mtu alikuwa mdogo sana kule juu, doa la njano. Alianza kushuka. Mkanda wake ulikuwa na kulabu mbili. Alikuwa anafungua moja, anaishusha, anaifunga chini, anaijaribu kwa kuivuta, ndipo anaifungua ya pili. Kila hatua hivyohivyo. Ilichukua karibu nusu saa. Mzee hakupepesa macho, na nilisikia ananong'ona. Nilidhani anaomba. Alikuwa anahesabu kulabu.

"Hajawahi kufungua zote mbili," aliniambia mwishoni. "Hata mara moja."

Binti alipokanyaga ardhi, kabla hajavua chochote, alitoa simu mfukoni akaanza kuandika, kisha akakumbuka mtandao haupo. Hapo ndipo alipotuona. Uso ukambadilika.

"Baba? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Hukuandika."

"Mtandao mbovu, baba, ndio ninaoutengeneza. Umekujaje huku?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Bodaboda."

"Wewe? Bodaboda?"

"Kurasa nne," nikasema mimi.

Binti akakaa chini kwenye zege, mkanda na kulabu na yote, akacheka huku machozi yanashuka. Mzee alikaa pembeni yake, kwa shida, ameshika goti. Akatoa daftari ndani ya koti akalifungua kwenye ukurasa wa minara. Vile vistari saba vilikuwa bado juu. Chini yake vistari vilijaa ukurasa huo na kurasa nyingine nyingi, vimefungwa vitano vitano.

"Uliuliza kati ya wangapi," akamwambia. "Za wenzako sizijui. Wewe ni mara elfu moja mia mbili na sita." Akatafuta kalamu, akachora palepale gotini. "Na saba."

Binti aliupitisha mkono juu ya vistari. Alipozungumza, hakuwa anacheka tena.

"Miaka mitano, baba. Hukunijibu hata siku moja."

"Ningejibu nini?"

"Chochote! Mimi nikiwa kule nina mkanda. Nina kulabu mbili. Nina huyu kaka hapa, macho yake hayanitoki mpaka ananichosha. Wewe uko peke yako ndani, sakafu ya saruji, mlango umeufunga kwa komeo. Mama pia alikuwa peke yake. Hakufa kwa stuli tu, baba, alikufa kwa kuwa hapakuwa na mtu. Sasa kati yangu na wewe nani yuko hatarini? Nikishatuma, unafikiri naenda nyumbani? Nakaa naangalia simu mpaka ile alama itokee kwamba umesoma. Ikitokea najua uko hai. Ndiyo salamu yako kwangu hiyo, alama."

Nilimwona mzee anafunga daftari kwa mikono miwili, taratibu. "Sikuiweka hiyo," akasema. "Kukaa peke yako. Haina ukurasa."

"Niandikie upo. Neno moja."

Tulirudi mjini na gari la mafundi. Mzee alikaa katikati yetu, akamkumbusha dereva mkanda mara mbili. Kesho yake jioni, saa kumi na nusu, simu ikalia. Alisoma, akachora kistari chake, kisha kidole kimoja kikaanza kutafuta herufi, kwa muda mrefu kiasi kwamba niliosha vikombe vyote nikarudi. Alikuwa ameandika: Nipo.

Alistaafu. Dirisha la pili nikapewa mimi juu ya la kwanza, kazi mbili kwenye kiti kimoja. Sina hakika kama aliishi tofauti sana na zamani. Binti alikuwa akizungushwa na kazi, minara ya mikoa na mikoa, alikuja mara moja kwa mwezi, wakati mwingine hakuja. Alibadilisha balbu ya dari siku moja, amefunga mkanda wake wa kazini kwenye boriti, baba akishikilia stuli chini kwa mikono yote. Siku nyingine zote mzee alikuwa peke yake kama mwanzo. Alinipa ufunguo wa nyumba, wa akiba, bila maelezo. Asubuhi nyingine alikuja kukaa kwenye benchi letu, hana shida yoyote, upande wa wenye vichanga. Akina mama walimpakatisha. Alikuwa anauliza uzito.

Miaka miwili ikapita hivyo, Nimeshuka na Nipo.

Siku yenyewe simu yangu ililia saa kumi na dakika hamsini.

"Shangazi, baba hajanijibu."

"Labda amesinzia."

"Dakika kumi na tano, shangazi. Hajawahi kupitisha tano."

Nilikimbia. Sijakimbia tangu shule, na kiatu kimoja nilikiacha njiani. Nilimkuta sakafuni kando ya kiti chake, jicho moja linanitazama. Simu ilikuwa inalia chini ya meza. Kiharusi, walisema hospitali, nusu ya mwili imelala, lakini amewahishwa. Binti aliingia wodini jioni ile na mkanda kiunoni, kulabu zinagongana, muuguzi akamfokea, naye hakusikia.

Mzee alikaa siku mbili. Ulimi ulikuwa mzito, maneno machache yalitoka. Siku ya tatu alasiri alifungua macho akamtafuta binti, akasema kitu. Binti akainama.

"Saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Saa tisa na dakika tano, baba."

"Upo?"

"Nipo."

Alikata roho saa tisa na dakika ishirini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai.

Wiki iliyofuata binti alikuja kwenye dirisha la pili, amepanga foleni kama wengine. Nikafungua kitabu kikubwa. Umri, mahali, chanzo. Nilishuka mpaka mstari wa chini, kama alivyotufundisha. Nilipofika kwenye saa, kalamu nyeusi ikagoma. Niliisugua, nikaipulizia, hakuna kitu. Kwenye kikombe cha kalamu palibaki ile nyekundu tu.

"Andika tu na hiyo, mama," akasema mtu benchini. "Wino ni wino, tunachelewa."

"Na uchelewe!" nikamjibu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikafunga madirisha yote mawili, nikavuka barabara mpaka dukani, nikanunua kalamu nyeusi tatu, nikarudi. Watu walikuwa wananung'unika na walikuwa na haki. Nikaandika kwa wino mweusi: saa tisa na dakika ishirini alasiri. Mtoa taarifa: binti. Alikuwepo.

Binti alisoma mstari ule kwa kidole, taratibu, kisha akausoma tena. Nilimpa daftari la baba yake, lililokuwa limebaki kwenye droo ileile tangu astaafu. Hakuondoka.

"Shangazi, na wewe unaishi na nani?"

"Na redio."

Nilitegemea acheke. Akatoa simu, akaipa namba yangu jina, akaniaga, akaenda kazini.

Jioni nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikaweka maji jikoni, sikuwasha redio. Saa kumi na moja kasoro simu ikatoa mlio mmoja. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikatafuta herufi kwa kidole kimoja, na nikachukua muda mrefu kuliko yeye.

Nipo, nikaandika.